Mjumbe Aliyekosa Sauti

Baba yangu alikuwa na tabia ya kuitukana kompyuta kila siku baada ya chakula cha mchana. Sisi wa nyumbani tulikwisha kuizoea sauti yake ikitoka sebuleni, kama wengine wanavyozoea redio ya jirani. Ukiona kimya, ujue umeme umekatika.

Aliyetukanwa hasa hakuwa kompyuta bali mtu mmoja wa ndani ya mchezo. Baba alistaafu ukarani Kisarawe mjini akarudi Msimbu kwenye mihogo na mikorosho yake, na mzigo uliompa taabu kuliko yote siku ya kuhama ulikuwa kompyuta ya mezani, nzito, iliyokwisha kubadilika rangi kwa uzee, pamoja na diski ya mchezo wa zamani wa kujenga mji. Unaanza na vibanda sita kando ya mto. Unachimba visima, unalima, unajenga ghala, unaweka walinzi, na ukiwa na subira vibanda vinakuwa mji. Mambo yakienda mrama, anajitokeza mjumbe mwenye kilemba chekundu kwenye kona ya skrini na kusema, kwa Kiingereza cha puani, kwamba bwana mkubwa, ghala ni tupu. Bwana mkubwa, watu wanaugua matumbo. Bwana mkubwa, fisi wameingia zizini. Sijapata kumsikia akileta habari njema hata siku moja.

"Ghala tupu, na wewe tumbo hilo umeshibia wapi?" Baba alimjibu. "Msukuma wewe! Umeuza mtama wangu ukanunua ng'ombe!"

Alimwita Msukuma kwa sababu sisi ni Wazaramo, Wasukuma ni watani zetu, na jirani yetu wa bondeni ni Msukuma mfugaji aliyehamia Pwani na ng'ombe wake mimi nikiwa bado shule. Sikuwahi kumsikia akisalimiana na Baba kistaarabu. Akipita na ng'ombe wake alisimama njiani kuuliza kwa sauti kama Mzaramo ameamka au bado amelala tangu ngoma ya juzi, na Baba alitoka kibarazani kumuuliza, kati yake na ng'ombe, nani anamchunga mwenzake. Siku tulipomzika bibi yangu mzaa Baba, mfugaji huyo alishuka ndani ya kaburi lililokuwa limechimbwa, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Baba alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Alicheka mpaka akashikiliwa na watu, na hapo ndipo alipoweza kulia.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu niliyajua yote, nimekua nayo, na siku yalipohitajika sikuyaona.

Kiharusi kilimkuta Baba asubuhi, akipiga mswaki. Kilichukua upande wa kulia. Mguu ulirudi upesi, mkono ukabaki mzito, na ulimi ndio uliotutisha. Akili yake ilikuwa nzima. Alikuelewa, alikukasirikia, alijua neno analolitaka. Lakini neno lilitoka nusu likakwama, likarudi mwanzo, likakwama tena, mpaka macho yakamjaa maji kwa hasira akaliacha.

Hospitali palikuwa na mama mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alituambia mkono na mdomo vyote vifanyishwe kazi kila siku, na kwamba miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa. Ikipita hivihivi, kilicholala kinaweza kulala moja kwa moja. Kisha akauliza, "Mzee alikuwa anapenda kufanya nini?"

"Kutukana kompyuta," Mama akajibu.

Yule mtaalamu hakucheka. "Basi mrudisheni hapo hapo."

Tangu siku ile nikaanza kuhesabu wiki. Mimi ni mtu wa wasiwasi toka utotoni. Mtu akichelewa kupokea simu yangu naanza kufikiria nguo za msibani. Lakini wasiwasi huu ulikuwa na mwisho wake mahali fulani, tarehe nisiyoijua, na kila siku iliyopita bure nilihisi imetolewa kwenye akiba ya Baba. Na kompyuta yenyewe ilikuwa imekufa.

Si kufa kabisa. Ilijaa virusi vilivyoletwa na fleshi za watu waliokuja kuomba waandikiwe barua, na Windows yake ya zamani mno ilikuwa inawaka nusu na kuzima. Naishi Kibaha, na kazi yangu ni kutunza kompyuta za ofisi moja pale Maili Moja, kwa hiyo nyumbani walichukulia kwamba jambo hili ni langu. Sikubisha. Moyoni niliona hata fahari kidogo. Niliipakata mashine kwenye bodaboda kutoka Msimbu mpaka Kisarawe mjini ili nipande gari la Kibaha, nikimwambia dereva kila baada ya hatua mbili apunguze mwendo, mpaka akaniuliza kama nimebeba mayai.

Niliamua kuiwekea Linux. Hiyo ndiyo dini yangu ndogo. Wenzangu ofisini wanasema hata jiko langu linatumia Linux. Ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, badala ya Windows, usioogopa mashine kuukuu, na virusi vile vya kwenye fleshi haviuwezi. Shida ni kwamba mchezo wa Baba ulitengenezwa kwa ajili ya Windows, na kuucheza kwenye Linux kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kupata toleo lililojengwa kwa ajili ya Linux yenyewe. Mchezo huu ulikuwa nalo. Waliouunda walilitoa zamani, kabla hawajafunga shughuli zao, na wapenzi wa michezo ya kale wanalihifadhi mtandaoni. Njia ya pili ni kuuchukua mchezo wa Windows kama ulivyo, bila kuugusa, na kuuwekea programu ya kukaa katikati kama mkalimani. Mchezo ukiomba kuchorewa nyumba kwa lugha ya Windows, mkalimani analipokea ombi, analigeuza, analipeleka kwa Linux, kisha anarudisha jibu. Mchezo wenyewe haujui kwamba uko ugenini.

Mimi ni mtu wa njia ya kwanza, na nina kiburi nayo. Nimewahi kubishana na watu nisiowajua kwenye majukwaa ya mtandao, nikiwaambia kwamba mkalimani ni njia ya wavivu, kwamba kitu kijengwe kwa ajili ya mahali kinapokaa au kisikae kabisa. Watu wale walikuwa na hoja moja ambayo niliipuuza. Walisema toleo lililojengwa mara moja na kuachwa linazeeka peke yake, na siku nyumba ikifanyiwa ukarabati hakuna wa kulitetea, wakati mkalimani ana watu wanaomhudumia mwaka mzima. Niliwajibu kwa maneno ambayo leo nisingependa Baba ayasome.

Kazi niliifanya saa za chakula, palepale ofisini, nikila kwa mkono mmoja. Kwa kuwa sikutaka kubahatisha niliweka matoleo yote mawili, nikaanza kwa kujaribu lile la mkalimani. Mji wa Baba alioujenga kwa miaka ukafunguka kama alivyouacha, na kuta zake, na visima vyake, na shamba la mtama, na zizi alilolizungushia ua kwa sababu ya fisi. Nikashusha pumzi. Kisha mjumbe akajitokeza na kilemba chake kutoa habari ya ghala, na sauti ikakwama.

Mashine ilikuwa na kumbukumbu ndogo, mkalimani ana kazi nyingi, na katika hali hiyo sauti ndiyo inayoumia kwanza. Neno la kwanza la mjumbe lilitoka nusu, likarudi mwanzo, likatoka nusu, likarudi tena, hatimaye likatoka lote, na la pili likakwama vilevile. Mwenzangu wa meza ya jirani akaangua kicheko. "Huyo naye vipi, kameza mfupa?" Nilifunga mchezo haraka kama niliyefumaniwa, nikamwambia afuate kazi zake, kwa ukali ambao hakuustahili. Sauti ile ilikuwa Baba mtupu.

Nimpelekee mzazi wangu aliyekwama ulimi mashine iliyokwama ulimi? Akae mbele yake kila mchana, na mjumbe amwigize? Ningekuwa namkejeli baba yangu mzazi, na yeye hata uwezo wa kunikemea hana. Nilijaribu kila nilichokijua kuiondoa hali ile, nikaipunguza kidogo tu.

Toleo la Linux yenyewe lilikuwa raha. Liliwaka upesi, mausi ikatembea laini, mji ukafunguka uleule. Ila lilikuwa bubu. Liliundwa enzi ambazo sauti ilipitia mlango mmoja ndani ya Linux, na mlango huo ulikwisha kuzibwa miaka mingi iliyopita, kwa hiyo mchezo ulikuwa unabisha hodi ukutani. Mjumbe alijitokeza, akafungua mdomo, akafunga, na maneno yake yakaandikwa chini yake. Nikajisemea, kwani tatizo liko wapi? Baba anasoma. Bora bubu kuliko kejeli. Toleo la mkalimani nililificha ndani ya folda iliyo ndani ya folda nyingine, nikaipeleka mashine Msimbu Jumamosi hiyo.

Baba alipouona mji wake alivuta kiti mwenyewe. Tuliuinua mkono wa kulia tukauweka juu ya mausi. Ulikaa pale kama kitu cha kuazima, kisha kidole kimoja kikabonyeza. Mama alikwenda jikoni kulia. Mimi nilibaki nyuma ya kiti nikijipongeza.

Baada ya wiki mbili mkono ulikuwa umechangamka. Mdomo haukufanya lolote. Nilimpigia Mama kila siku nikitoka kazini.

"Kasema?"

"Hajasema."

"Hata kidogo?"

"Kacheza vizuri, kala vizuri. Hajasema."

Kimya kile sisi wenyewe tulikuwa tunakisaidia, ingawa hatukujua. Akianza neno tulimmalizia. Akisema "chu…", mimi nilishamwahi: "Chumvi, Baba?" Naye akakubali kwa kichwa, kumbe alitaka chupa ya chai, akala chakula kilichotiwa chumvi mara mbili bila kununa. Wageni walisema naye polepole na kwa sauti kubwa kana kwamba aliyeugua ni masikio. Siku moja nikiwepo alikuja jirani yetu mfugaji, na mimi nikakaa mkao wa kusikiliza vituko. Akavua kofia. Akakaa pembeni kabisa ya kiti. Akasema, "Pole sana, mzee wangu. Mungu atakusaidia." Mzee wangu! Baba aligeuza uso ukutani, na yule mtani wake akabaki anaizungusha kofia mikononi mpaka alipoaga. Mimi nilidhani Baba amechoka. Nikamletea shuka.

Kliniki iliyofuata, yule mtaalamu wa mazoezi aliukunjua mkono akaonekana kuridhika. Kisha akamwomba Baba aseme jina la kijiji chake, akasubiri, akasubiri tena.

"Baba anasema Msimbu," nikasema.

Akageuka kwangu. "Mkono umesonga mbele. Huku tumerudi nyuma. Nyumbani mnampa nafasi ya kusema?"

"Tunamsaidia."

Aliandika kitu kwenye kadi kabla ya kunijibu. "Msimsaidie sana."

Nilirudi Kibaha. Kazini nikawa nakosea mambo madogo. Nilimfutia mhasibu faili zake nikazirudisha nikitokwa jasho, nikajibu barua pepe ya mtu mwingine. Simu ya Mama ikiita nje ya saa yake nilikuwa naiangalia kwanza, nikijipanga kusikia habari ya kiharusi cha pili. Nilimwona Baba akizeeka na maneno yake yote yamefungiwa ndani, na sisi tumemzunguka tukikisia. Kilichonitisha kuliko vyote nakisema wazi: niliogopa kwamba nimekwisha kuisikia sentensi yake nzima ya mwisho, na siikumbuki ilikuwa ipi.

Aliyeona kasoro ni Mama, ambaye hajui Linux ni nini na hataki aelezwe. Alinipigia mchana, nikapokea roho ikiwa juu.

"Hakuna ubaya, usianze," akaniwahi. "Nauliza tu. Hivi yule mtu wenu wa kilemba, mbona siku hizi hasemi?"

"Toleo hili halina sauti, Mama. Lakini maneno yake yanaandikwa pale chini."

"Zamani baba yako alikuwa hasomi. Alikuwa anamjibu."

"Ndiyo, lakini…"

"Sasa mtu hajakwambia kitu, utamjibu nini?"

Mama akakata simu. Nilikuwa nimemrudishia Baba mji, visima, ghala na fisi, nikamnyima mtu wa kugombana naye.

Hapo mwenye akili zake angefungua ile folda iliyofichwa. Mimi nilitafuta namna ya kulitia sauti toleo langu safi. Sauti, sawa, lakini si ile ya kukwama. Kwenye jukwaa la wapenzi wa michezo ya kale nikakuta kijiprogramu kinachosimama pale penye mlango uliozibwa, kikipokea sauti ya mchezo na kuipeleka ilikohamia. Sharti lake lilikuwa moja, mfumo mzima usasishwe kwanza. Nikaenda Msimbu Jumamosi nikiwa na intaneti ya simu yangu na matumaini makubwa kupita kiasi.

Usasishaji ulianza asubuhi. Mtandao wa Msimbu unakuja na kuondoka kadiri upendavyo, na mimi nilizunguka na simu kutoka dirishani hadi mlangoni hadi chini ya mkorosho. Saa saba Baba akala. Mama akambadilisha shati. Akaja kukaa kwenye kiti chake mbele ya skrini iliyojaa mistari ya maandishi, akaniangalia.

"Bado kidogo tu, Baba."

Ilipofika saa nane kazi ikaisha. Nikaubonyeza mchezo, haukufunguka. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikajaribu kuufungua kupitia dirisha la kuandikia amri ili nione unalalamika nini, nao ukaniambia kwa mstari mmoja kwamba faili fulani halipo. Nilisoma mstari ule mara tatu. Usasishaji ulikuwa umeondoa maktaba za zamani, yale mafaili ambayo programu hukopeshana ili zifanye kazi, na kwenye mashine ile mtumiaji wake wa mwisho alikuwa mchezo wa Baba. Ukarabati ulikuwa umefanyika, na mpangaji asiye na mtetezi akatolewa nje. Kuyarudisha ilikuwa kazi ya siku kadhaa, kama ingewezekana.

Nilimfuata Mama jikoni.

"Nimeharibu," nikamwambia. "Haufunguki."

"Hakuna mwingine?"

"Upo wa mkalimani. Lakini haufai, Mama." Nikashusha sauti. "Unaongea kwa kukwama. Kama… kama yeye. Ukiusikia utadhani unamwiga."

Mama alikuwa anakwangua ukoko wa sufuria. Hakuacha kukwangua. "Amekaa pale tangu saa saba, ameoga, amevaa," akasema. "Kamfungulie chochote."

Nilirudi sebuleni. Nilifungua folda, kisha folda ya ndani, nikihisi natoa kitu cha aibu uvunguni. Mkalimani alichukua muda kuamka, kisha mji ukatokea. Baba akaweka mkono kwenye mausi bila kusaidiwa. Akaukagua ukuta wa kaskazini, akachimba kisima kimoja, na mimi nikaanza kuomba kwamba mambo yote ya mji ule yaende vizuri, ghala lijae, fisi wasahau njia, mjumbe asipate sababu ya kuja.

Akaja. Kilemba chekundu kwenye kona, mdomo ukafunguka, na neno la kwanza likatoka nusu. Likarudi mwanzo. Likatoka nusu.

Mkono wa Baba ulisimama.

Sikuweza kumtazama. Nilitazama kalenda iliyoko ukutani, nikasoma mwezi mzima. Mjumbe aling'ang'ana na neno lake, akalisukuma, likamrudi. Ndipo nikaona kwa pembe ya jicho kwamba mabega ya Baba yanatikisika, kwanza kidogo kidogo, kisha kwa nguvu. Nikajua ndicho, kiharusi cha pili, na nimekileta mwenyewe. Nilimrukia nikamshika mabega huku nikimwita Mama kwa kelele.

Baba alikuwa anacheka. Kicheko kilikuwa upande mmoja wa mdomo, na machozi yanamtoka, na kidole cha mkono wa kulia, ule mgonjwa, kimeinuka kutoka kwenye mausi kumwelekea yule mtu wa kilemba.

"Na… na we… na wewe," akasema. Akameza mate. "Na wewe u… umepo… umepooza? Msu… Msukuma wewe!"

Mama alikuwa amefika mlangoni na mwiko mkononi. Mjumbe, ambaye hakuwa na habari na yote hayo, alikuwa bado kwenye neno la pili.

Na mimi, badala ya kukaa kimya nikamshukuru Mungu, nikafanya nilichozoea. Palikuwa na mpangilio mmoja ambao sikuwa nimeujaribu, wa kuongeza akiba ya sauti ili isikatike. "Ngoja, Baba," nikasema nikinyoosha mkono kuichukua mausi. "Nitamrekebisha sasa hivi, ataongea vizuri."

Mkono wa kulia wa Baba ukashuka juu ya mkono wangu. Ulikuwa mzito na wa moto.

"Mwa… mwache," akasema. Hakuwa anacheka tena. Alinitazama usoni, mimi, si mjumbe. "A… ama… amalize."

Nikauondoa mkono wangu nikauweka mapajani. Tulimsubiri mjumbe wote watatu. Ghala lilikuwa tupu, kama kawaida yake. Alipotoweka, Baba akavuta pumzi akafungua mdomo tena, na nikajua kwamba safari hii si kwa ajili ya mchezo.

"Mwi…" akasema. "Mwi…"

Nilikuwa nalo neno midomoni: mwiko, Baba? Mama ameushika, huo hapo. Niliuma ulimi. Mama akashusha mwiko polepole akaushika kwa mikono miwili.

"Mwite," Baba akasema. "Mwite… mwe… mwenye… ng'ombe." Akapumzika. Tulisubiri. "Aje… a… atuka… atukanwe."

Nilivaa kandambili za Mama, zilizo kubwa kwangu, nikateremka bondeni karibu kwa kukimbia. Jirani yetu alikuwa anatengeneza mlango wa zizi. Aliponiona nakuja vile, akaacha nyundo na akavua kofia, na uso ukambadilika, kwa sababu mtu akija mbio mchana ule kutoka nyumba ya mgonjwa habari yake huwa ni moja.

"Shikamoo," nikasema nikihema. "Nimetumwa na Baba. Anasema uje utukanwe."

Hakuitikia shikamoo. Akaishika kofia kifuani.

"Kasema yeye?" akauliza. "Au mmemkisia?"

"Kasema yeye," nikamjibu. "Mpaka mwisho."

Akairudisha kofia kichwani.